Siku ya Mashujaa: Mashada Tumeweka, Majina Je?

Najua wengi wenu mmeshafika makwenu, mnakula vya mama na mmeshasahau kama kuna kitu duniani kinaitwa desa. Sisi tuliobaki Mlimani tunahesabika. Bumu limekata, UE zimepita (matokeo tumwachie Mungu), na vimbweta vimebaki na wabishi wachache wasio na nauli. Mimi ni mmoja wao.

Ubishi wa wiki hii ulikuwa mmoja tu: Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Mmoja akasema siku hiyo ifanywe sikukuu ya mapumziko kama Saba Saba na Nane Nane, maana kwa sasa haimo kwenye orodha na watu wanakwenda kazini kama kawaida. Wa pili akasema ya nini, hiyo ni siku ya wanajeshi na wakubwa zao, raia anaingiaje? Wa tatu, mtu wa sheria (mnawajua hawa), akauliza swali lililotunyamazisha wote: "Haya, nitajieni mashujaa watano kwa majina."

Tukaanza. Nyerere... hapana, huyo ana siku yake. Mkwawa. Kinjeketile. Mwingine akamtaja Musuguri. Kimya. Watu wa chuo kikuu kizima, na mmoja wetu yuko Historia mwaka wa tatu!

Mimi mtazamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho wa ukurasa: hatuhitaji siku ya kulala. Tunahitaji majina. Na nisieleweke vibaya, sisemi serikali haijawaenzi. Mashada yanawekwa kila mwaka, na yanawekwa vizuri. Ninachosema ni kwamba urithi wa wale watu tunautumia kila siku, mdomoni, kwenye ngoma, kwenye majina ya mitaa, bila kujua tumeutoa wapi. Na wenye kujua wanaondoka mmoja mmoja.

MKUKI, NGAO NA SHOKA

Kwa ambao hamjawahi kuifuatilia ile shughuli kwenye televisheni, ni fupi lakini ina uzito wake. Zamani ilizoeleka pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na miaka ya karibuni imekuwa Dodoma. Gwaride linaingia, tarumbeta la maombolezo linapigwa, watu wanasimama kimya. Kisha wanakwenda mnarani mmoja mmoja. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya anaweka upinde na mshale. Mwenyekiti wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Halafu viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa imani yake.

Umeona hapo? Hakuna bunduki! Jeshi lenye vifaru na ndege linawakumbuka wafu wake kwa mkuki, sime, upinde na shoka. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni mapambo tu. Mimi nasema hapana, ile ni hotuba bila maneno. Nchi inasema: jeshi letu halikuanza na mkoloni. Lilianza na akina Mkwawa, na akina Abushiri waliopambana na Mjerumani pwani mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889, na wale manduna wa Wangoni walionyongwa kwetu Songea tarehe 27 Februari 1906.

Na ukitaka ushahidi kwamba jambo hili lilifikiriwa, angalia jina la Lugalo. Kambi ile kabla ya kuitwa hivyo iliitwa Colito. Colito ni mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Ni hapo Colito ndipo yalipoanza maasi ya askari tarehe 20 Januari 1964, wakidai mshahara na kutaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Jeshi lile la Tanganyika Rifles likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ. Kambi nayo ikapewa jina la Lugalo, mahali huko Uheheni ambako tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikivunjavunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski.

Uamuzi mzuri kabisa. Ningekuwepo ningeunyooshea mikono yote miwili. Lakini kuna jambo linanikera kidogo, kama punje ya mchanga kwenye ubwabwa. Waliopigana pale Colito ni kina nani? Ni batalioni ya sita ya KAR, batalioni ya Tanganyika. Yaani ni babu zetu vilevile! Tulipolifuta jina la Mwingereza, na wao wakafutika humohumo. Nani leo anawakumbuka? Mkuki wa Mkwawa unawekwa mnarani. Cha babu aliyevuka mto chini ya risasi akiwa na kofia ya KAR, kinawekwa wapi?

AHADI YA PALE POSTA

Tushuke mjini. Pale Samora inapokutana na Azikiwe kuna Sanamu la Askari. Wote mmepita pale, wengine mmepiga picha, wengine mmeibiwa simu hapohapo. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki na singe mbele, anaelekea bandarini. Waingereza walilisimamisha mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia upande wao. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na aliyeombwa ayatunge maneno ni Rudyard Kipling.

Siku moja nenda uyasome. Yanawataja askari. Yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Sasa zunguka lile sanamu pande zote nne utafute jina. Hata moja. Hakuna!

Jamani hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ningeweza kuishia hapa. Mtu ameahidiwa kwa lugha tatu kwamba jina lake litakumbukwa, na aliyemwahidi hakuliandika. Wapagazi ndio usiseme. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kilichobaki kwao ni jina la soko. Kariakoo ni Carrier Corps, kambi ya wapagazi. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni ileile. Kila siku konda anapayuka "Kariakoo! Kariakoo!" na hajui kwamba anaita jeshi la marehemu.

Na kabla ya askari huyu palikuwa na nani? Palikuwa na ofisa. Hermann von Wissmann, mwanajeshi wa Kijerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, baadaye akawa gavana. Sanamu lake lilisimamishwa Dar mwaka 1909. Yeye juu, ametulia. Chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kumwinulia uso. Vita ilipoisha Waingereza wakalichukua, na mwaka 1922 likaenda kusimamishwa kwenye Chuo Kikuu cha Hamburg. Likakaa huko mpaka mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho walipoliangusha. Likarudishwa, likaangushwa tena mwaka 1968, na hapo ndipo likaondolewa moja kwa moja.

Wanafunzi, wadau! Wenzetu wa Hamburg walilifahamu sanamu lililotoka Dar wakaamua lisiwe na heshima tena. Sisi hili la kwetu tunalifahamu kiasi gani? Sisemi tuliangushe, jamani, msije mkanitafutia kesi. Nasema tulijue.

Maana hapo ndipo penye tofauti ya ofisa na askari. Ofisa huandikwa jina, hata akiwa adui. Askari huandikwa "askari". Mpagazi haandikwi kabisa.

AFANDE, BENI NA MAMBO MENGINE TUNAYOTUMIA BURE

Kuna watu wanafikiri urithi wa wanajeshi ni mizinga na medali. Hebu fungua mdomo wako uone.

Tulioenda JKT baada ya kidato cha sita tunalijua neno la kwanza kufundishwa pale getini. Afande. Hilo neno limesafiri kuliko sisi sote. Lilikuwa cheo cha heshima cha Kituruki, efendi, likaingia jeshi la Misri, likaja huku na askari wa Kisudani ambao Wissmann aliwaajiri Cairo. Katika jeshi la Mjerumani, efendi ndiyo ilikuwa ngazi ya juu kabisa Mwafrika kufika. Hapo ndipo dari lilipokuwa. Waingereza nao mwishoni mwa miaka ya 1950 wakakirudisha cheo hicho KAR kwa Waafrika, na mmoja wa waliokipata, mwaka 1959, ni kijana mmoja wa Uganda anaitwa Idi Amin.

Sasa angalia historia inavyocheka. David Musuguri aliingia KAR mwaka 1942. Amin aliingia 1946. Miaka 30 na ushee baadaye, mwaka 1979, mmoja anaongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ kwenda Kampala, mwingine anakimbia. Wote wawili ni watoto wa jeshi moja, waliofundishwa kwata ileile. Neno afande likasimama pande zote mbili za mto Kagera.

Tuje kwenye ngoma. Mnaopenda dansi, mnajua lilikotoka? Kabla ya gitaa kulikuwa na beni. Ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka mpaka huku, na wakati wa Vita ya Kwanza askari na wapagazi wakaisambaza bara. Ilikuwa ngoma ya kuiga jeshi. Watu wanavaa sare, wanapiga ngoma na tarumbeta, wanacheza kwa mistari kama gwaride, na wana vyeo: kingi, jenerali, kanali, vyote vimo. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Mwanahistoria Terence Ranger alikiandikia kitu hiki kitabu kizima mwaka 1975.

Wazungu wengine waliona ni kuiga tu, watu wanacheza michezo ya mabwana zao. Mimi naona kinyume. Mtu ambaye kambini hawezi kupita efendi, jioni mtaani kwao anachaguliwa kuwa jenerali na watu wake mwenyewe! Hiyo si kuiga. Hiyo ni kujipa unachonyimwa. Na haikufa. Nenda ukanda wa Ziwa Nyasa uangalie mganda unavyochezwa, vijana wamevaa meupe, wamepanga mistari, wanageuka kwa pamoja kama wako uwanja wa gwaride. Ile ni kumbukumbu ya vita inayotembea kwa miguu.

Na baada ya uhuru jeshi likaendelea kutupigia muziki. Mwenge Jazz ilikuwa bendi ya JWTZ. Kimulimuli ilikuwa ya JKT. Polisi nao walikuwa na Polisi Jazz. Wazazi wetu wamechumbiana kwa magitaa ya watu waliokuwa asubuhi gwarideni. Kwenye michezo ndiyo usiseme. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa mwanajeshi. Leo hii ligi kuu bila timu ya jeshi huwa tunaiona imepungua kitu.

Kwa hiyo anayesema siku hii ni ya wanajeshi peke yao, namuuliza: unacheza nini? Unaimba nini ukikimbia mchakamchaka? Unanunua wapi nguo za mtumba? Kariakoo! Basi na wewe umo.

NIA, SABABU NA UWEZO

Vita ambayo wengi wetu tunaweza bado kuwapata wahusika wake ni moja tu, ya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera wakaliteka eneo la kaskazini ya mto na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba tutapigana, akiutaja uwezo, sababu na nia. Maneno hayo matatu hadi leo ukimwambia mtu kwenye mechi ya fakati anaelewa una maana gani, hata kama hajui yametoka wapi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni vita ikaisha, vijana wetu wako mpakani na Sudan.

Makamanda wa vita ile tunawajua kwa majina ya utani, na majina hayo nayo ni utamaduni wa aina yake. Musuguri alikuwa Jenerali Mutukula. Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu. Twalipo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, ana kambi yenye jina lake Mgulani. Sawa kabisa, wanastahili, na zaidi. Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Hesabu vizuri: mtu aliyeingia KAR kabla babu zetu wengi hawajazaliwa alikuwa hai sisi tukiwa na simu mkononi. Wangapi kati yetu tulikuwa tunajua?

Lakini vita ile haikupiganwa na majenerali peke yao. Jeshi lilikuwa dogo, likapanuliwa haraka kwa JKT, polisi, magereza na mgambo. Mgambo maana yake ni mkulima. Mtu aliacha jembe kwenye tuta akaenda Uganda kwa miguu. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mmoja wao. Alitoka Songea hajawahi kuiona hata Dodoma. Akaenda mpaka Uganda, akarudi, akaendelea na mahindi yake. Pale kijijini watoto wanamwita Kanali, yeye anacheka anawaambia, "Kanali alikuwa anapanda gari, mimi nilikuwa napanda milima."

Babu hana malalamiko. Anasimulia mambo ambayo sijayakuta kwenye kitabu chochote cha maktaba yetu. Namna walivyofundishana nyimbo za makabila njiani ili wasisinzie. Namna mtu wa Mara alivyokuwa anamcheka kwa kula ugali na dagaa wa Nyasa, mpaka siku alipoulilia huo ugali. Ni mle njiani, anasema, alipojua kwamba Tanzania ni kubwa na kwamba wote walio ndani yake wanaongea Kiswahili vibaya isipokuwa yeye. Hapo huwa anacheka mpaka anakohoa.

Ana wenzake watatu kutoka kata moja aliokwenda nao. Wawili walirudi. Mmoja hakurudi. Jina lake babu analitaja kila anaposimulia, tena kwa ukamilifu, na jina la baba yake na la kijiji, kama anasoma rejista. Nilimuuliza kwa nini analitaja lote namna ile. Akasema, "Nikilifupisha nitalisahau."

Kule Kaboya, Muleba, kuna makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa vita ile, mamia, na mnara mweupe wenye majina yao. Hapo ndipo nchi hii ilipofanya jambo ambalo Mwingereza hakulifanya pale Posta. Iliandika. Nikiambiwa nichague alama moja ya taifa letu la baada ya uhuru, kabla ya Mwenge, kabla ya noti zenye sura ya Mwalimu, nitachagua orodha ile. Mtoto wa mkulima ameandikwa jina lake kwenye mawe. Hiyo ndiyo maana ya kuwa raia na si mtu wa kuhesabiwa tu.

KWA WANAOPINGA

Najua maoni yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

Kwanza, kuna atakayesema kutukuza wanajeshi ni hatari, tuangalie nchi za jirani zilivyotawaliwa na mabuti. Hoja ya maana, siipuuzi. Na chuo hiki kina historia yake na jambo hilo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa hapa waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda JKT, na Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400. Kwa hiyo msomi wa Mlimani na sare ya kijani walianza kwa ugomvi. JKT ya lazima ikasimamishwa mwaka 1994, ikarudi mwaka 2013, na sasa tunakwenda, tunarudi tumekonda na tuna nyimbo mpya. Lakini mimi naona kukumbuka majina ndiyo dawa ya ile hatari yenyewe. Anayetukuza jeshi kama jeshi anatukuza bunduki. Anayemkumbuka fulani bin fulani wa kijiji fulani anakumbuka vita inagharimu nini. Hakuna mtu aliyemsikiliza babu akitaja lile jina ambaye atatoka pale anatamani vita.

Pili, atakayesema KAR na askari wa Mjerumani walikuwa vibaraka, wasiwekwe kwenye mizani moja na Mkwawa na Songea Mbano. Hili ni gumu zaidi, na sitalirukia juu juu. Ni kweli askari wa Mjerumani ndio waliochoma mashamba ya babu zetu kule Ungoni wakati wa Majimaji. Kwetu hilo halijasahaulika. Songea Mbano, nduna, kamanda wa vita, ambaye mji wetu una jina lake, alinyongwa, na ukoo wake mpaka leo unakitafuta kichwa chake kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Siombi askari yule awekewe mkuki na ngao. Naomba tumjue. Kumjua mtu si kumtukuza. Ukimficha, unabaki na historia ya mashujaa peke yao, na historia ya namna hiyo haimfundishi mtu kitu, maana hakuna hata mmoja wetu anayejiona ndani yake.

Tatu, wale wa "ifanywe sikukuu ya mapumziko". Wakenya wana Siku yao ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba, ni mapumziko kamili, tangu Katiba ya 2010 ilipoibadili kutoka Siku ya Kenyatta. Siwaonei wivu. Tuseme ukweli, tukipewa siku ya kulala tutalala. Niambie Saba Saba ya mwaka jana ulifanya nini.

SASA TUFANYEJE

Nina mapendekezo mawili tu, hayana gharama.

La kwanza ni kwa wakubwa. Pale mnarani, kabla shoka halijawekwa, yasomwe majina. Yasisomwe yote, yatakesha. Kila mwaka mkoa mmoja: waliokufa Kagera wa Ruvuma mwaka huu, wa Mara mwakani, wa Tanga mwaka unaofuata. Dakika kumi. Watoto wa shule wasikie jina la ukoo wao likitoka kwenye redio ya taifa. Hapo utaona kama kuna atakayesema siku hiyo ni ya wanajeshi peke yao.

La pili ni letu sisi. Likizo hii ni ndefu, na kila mmoja wenu ana simu inayorekodi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo amepita 65. Hatuna muda wa kungoja mradi wa wafadhili. Nenda kwa mzee mmoja mtaani kwenu, JWTZ, mgambo, JKT, au mama aliyebaki nyumbani na watoto huku mume yuko mstari wa mbele (hao nao ni mashujaa, tena hawana mnara). Usimwulize "vita ilikuwaje", atakwambia ilikuwa mbaya na ataishia hapo. Muulize mambo madogo. Alitembea na nani? Walikula nini? Waliimba nini? Nani hakurudi, na jina lake kamili ni nani? Kisha liandike jina hilo kwa herufi kubwa kwenye daftari, si kwenye simu peke yake, maana simu tunajua inavyoibiwa pale Posta.

Wa Historia, mnaohangaika kila mwaka na mada za utafiti, hii hapa nawapa bure. Sihitaji hata kutajwa kwenye shukrani. Bia moja inatosha, au soda kwa wale watu wa USCF.

Mimi nauli ikifika nakwenda kwa babu na daftari jipya. Jina la mwenzake yule nitaliandika la kwanza, kwa ukamilifu wake, bila kulifupisha.

Haya, uwanja ni wenu. Na kwenye maoni sitaki matusi wala siasa za vyama. Kila atakayechangia aanze na jina moja la mtu wa kwao aliyekwenda vitani. Kama hulijui, mpigie bibi yako simu kwanza, kisha ndiyo urudi tubishane.